Safari ya Tanga na Mama Mkwe

Niliishi miaka minne katika boma moja na mama mkwe wangu, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kunisemesha. Akitaka maji, alimwambia mjukuu wake, "Mwambie mama yako alete maji." Mimi nipo palepale, hatua mbili kutoka kwake, kata iko mkononi. Mtoto ananigeukia, ananiambia, nami nayapeleka. Kabla mtoto huyo hajajua kusema, mama mkwe alikuwa akiiambia nguzo ya nyumba. "Nguzo, moto unazimika." Nami nachochea moto.

Niliolewa Karatu mwaka 1959, mwaka ambao makundi makubwa ya ng'ombe wa Wamasai yalikuwa yakihamia upande wa Ngorongoro, vumbi lao likionekana kwa mbali. Mume wangu alikuwa Mwiraqw wa palepale. Mimi ni Mpare. Baba yangu alitoka Upare kuja kufanya kazi ya kahawa katika shamba moja la Oldeani, na mimi nikakulia kambini, katika zile nyumba za mstari mmoja walizojengewa vibarua. Kwa mama mkwe hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Alisema, na alisema nikisikia, kwamba mtu wa kambini hana kaburi la babu wala shina la mgomba, na kwamba mwanawe ameokota mwanamke njiani kama mtu anavyookota kuni.

Nilipofika pale kama bibi arusi, macho yake yote mawili yalikuwa yamekwisha kuingia utando mweupe. Aliona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu anayepita, basi. Lakini usidhani alikaa tu. Alikamua ng'ombe mwenyewe. Alimjua kila ng'ombe kwa pumzi yake. Wajukuu aliwajua kwa vidole. Kila asubuhi aliwapapasa uso, kipaji, pua, kidevu, kisha akatangaza nani amekonda na nani amelala bila kunawa. Mimi hakuwahi kunigusa.

Mwaka wa pili baada ya Uhuru, dresa, mganga msaidizi wa zahanati, alipita nyumbani kumtazama mtoto wangu wa pili aliyekuwa na homa. Alipomaliza, akamwomba mama mkwe atoke nje kwenye jua. Akamfunua kope, akamulika na tochi yake ndogo.

"Mama, hili nani kakuambia ni uzee?"

"Kila mtu."

"Si uzee. Ni mtoto wa jicho. Tanga kuna daktari anamtoa. Nimeona watu waliokwenda wakishikwa mkono na wakarudi wenyewe."

Kikao cha familia kilikaa Jumapili, baada ya ibada. Shemeji yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa na sauti tangu baba yao alipofariki, alikataa moja kwa moja. Tanga ni mwisho wa nchi. Nani atampeleka? Yeye ana ngano shambani. Mume wangu alikuwa amepewa ruhusa ya Jumapili hiyo tu kutoka kwenye genge la barabara kule juu ukingoni Ngorongoro. Mvua ilikuwa imekata njia na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka zaidi ya siku moja. "Kisu kwenye jicho la mama yetu," shemeji alisema, "na akifa huko, tutamzika na watu gani?"

Wakaongea mpaka chai ikapoa. Halafu mama mkwe akauliza, "Hiyo treni, hapa kuna anayeijua?"

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango na mtoto mgongoni. Nilikuja Oldeani nikiwa na miaka saba, na kutoka Upare hadi Arusha tulikuja kwa treni. Mume wangu alilijua hilo. Akasema taratibu, "Mke wangu amepanda."

Mama mkwe akageuza uso wake kuelekea mlangoni, ingawa hakuna aliyemwambia kuwa niko pale.

"Basi nitakwenda na huyo wa kambini."

Shemeji akasimama. "Wanawake wawili, mmoja kipofu na mwingine—"

"Kipofu ni mimi," akamkatiza, "na jicho ni langu."

Fahali mmoja akapelekwa mnadani, nasi tukaondoka wiki iliyofuata. Watoto niliwaacha kwa mama yangu Oldeani. Mfanyabiashara mmoja wa Karatu, Mwislamu mwenye duka la nguo na lori la kubebea maharage, alipomwona mama mkwe akipapasa hatua za kupanda nyuma ya lori, alishuka mwenyewe kwenye kiti cha mbele. "Shikamoo, mama. Kaa hapa. Mimi nitakaa juu ya magunia." Akakaa juu ya magunia mpaka Arusha, na kanzu yake nyeupe ikafika ya rangi ya udongo.

Mbele ya lori tulikuwa watatu: dereva, yeye na mimi katikati. Tuliteremka ukuta wa Manyara, tukapita Mto wa Mbu na Makuyuni, saa na saa, bega langu likigongana na bega lake kila shimo. Dereva ndiye aliyegeuka nguzo siku hiyo. "Dereva, muulize kama amefunga vizuri lile blanketi." Dereva akanitazama, akacheka, akadhani mzee anatania.

Treni iliondoka Arusha alasiri. Tulikuwa daraja la tatu, mabenchi ya mbao, watu wa kila aina: wanafunzi, wanajeshi wawili, wanawake wa Kichaga na mikungu ya ndizi, mzee mmoja na jogoo ndani ya kikapu. Nilimkalisha dirishani ili apate upepo. Injini ilipovuta na mabehewa yakagongana moja baada ya jingine mpaka kufika kwetu, alinishika mkono. Alishika kwa nguvu, kucha zikaniingia. Treni ilipopata mwendo wake akauachia kana kwamba ulikuwa na moto.

Ile treni haikuwa na haraka. Ilisimama kila mahali, hata mahali ambapo sikuona nyumba, na kila iliposimama watu walishuka, wakanyoosha miguu, wakanunua miwa, wakasalimiana na jamaa zao, na injini ikanywa maji kama ng'ombe aliyetoka mbali. Usiku tulisinzia. Kulipopambazuka tulikuwa tumesimama tena, na safari hii tukasimama kweli. Mtu wa treni akapita nje akisema mvua imekula udongo chini ya daraja la mbele, mafundi wako kazini, hakuna kuondoka kabla ya mchana.

Nikatoa kichwa nje. Upande wa kushoto palikuwa na milima, imesimama karibu kabisa na reli, ukungu umekaa kwenye mabonde yake. Mashamba yalipanda mpaka huko juu, kijani juu ya kijani. Niliijua ile milima kabla akili haijaniambia jina lake. Nilikuwa nimefika kwetu. Nikaanza kulia pale dirishani, juu ya kichwa cha mama mkwe, na chozi likamdondokea shingoni.

Akalifuta kwa kidole. Halafu akauliza, na hapakuwa na mtoto wala nguzo wala dereva kati yetu:

"Unaona nini?"

Nikamjibu. "Milima, Mama. Milima ya kwetu."

Abiria walishuka, nasi tukashuka. Nilimkalisha kwenye kivuli cha behewa. Hazikupita dakika nyingi wanawake wakaanza kuteremka kutoka vijijini. Habari ya treni iliyokwama ilikuwa imewafikia, na walikuja na ndizi mbivu, maziwa na mayai ya kuchemsha. Mmoja wao, bibi mwembamba aliyejitwika sufuria, alinisikia nikiuliza bei kwa Kipare changu kilichoota kutu.

"Wewe ni mtoto wa nani?" akauliza.

Nikamtajia jina la baba yangu na ukoo wetu. Bibi akatua sufuria chini. Akamtaja babu yangu. Akamtaja bibi yangu, na kilima walikokaa, na mwaka wa njaa ambao baba yangu aliondoka kwenda kwenye kahawa. Mama yake bibi huyo na babu yangu walikuwa watoto wa ndugu wawili. Akanishika mashavu kwa mikono yake miwili, akaanza kuwaita wenzake kwa sauti kubwa, na katika muda mfupi tulikuwa tumezungukwa na wanawake saba au wanane, kila mmoja akinieleza undugu wangu naye.

Mama mkwe alikuwa amekaa palepale, kichwa kimeinama upande mmoja, anasikiliza lugha asiyoijua. Bibi yule akauliza, "Na huyu?"

"Mama yake mume wangu, kutoka Karatu. Haoni. Nampeleka Tanga hospitali."

Basi ilikuwa kama nimewaambia malkia ameshuka kwenye treni. Wakamletea maji ya kunawa. Wakampakulia makande yenye mvuke kutoka kwenye ile sufuria, wakamwagia maziwa, wakamwekea bakuli mapajani na kijiko mkononi. Bibi akamwambia kwa Kiswahili, polepole, ili asikose neno hata moja: "Mama wa Karatu, huyu mnayekaa naye ni mtoto wetu. Kaburi la babu yake liko pale juu. Migomba yake ipo, tunaipalilia. Asante kwa kumtunza."

Mama mkwe alikula makande yote. Alipomaliza, akamwomba yule bibi mkono wake, akaushika kwa muda mrefu.

Daraja lilipokuwa tayari na treni ikaanza kutambaa, wanawake wale walitembea kando yetu mpaka miguu ikawashinda. Mama mkwe akavuta shuka lake. "Kumbe una kwenu," akasema.

"Ninako, Mama."

"Mbona hukusema?"

Ningemjibu nini? Kwamba hakuniuliza? Kituo kimoja kikapita. Kisha akanigonga goti. "Haya. Sema. Unaona nini?"

Nikasema mpaka Tanga. Nilimwambia nyika upande wa kulia na twiga wawili waliosimama wakitutazama. Nilimwambia milima ya Usambara na jinsi majabali yake yanavyoning'inia juu ya Mombo. Nilipochoka niliongeza chumvi: nikamwonyesha mto mkubwa ambapo palikuwa na mkondo tu, nikajenga kanisa juu ya kilima kitupu. Alinisikiliza kama watu wanavyosikiliza redio. Aliuliza maswali. Mkonge una urefu gani? Unakatwaje? Wanaoukata wanatoka wapi? Mkata mkonge mmoja aliyekaa mbele yetu, makovu yamejaa mikononi, akamjibu lile la mwisho yeye mwenyewe, na kufika Muheza walikuwa wamekwisha kuwa marafiki na tunamenya machungwa yake.

Sitasema mengi juu ya hospitali. Daktari alisema atafanya jicho moja, lile la kulia. Baada ya kisu alilazwa chali, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa chake asije akatikisika, macho yote yamefungwa bandeji. Siku baada ya siku. Mwanamke ambaye hakuwahi kulala jua likiwa limetoka! Nilimlisha uji kwa kijiko. Nilimwosha. Aliniimbia nyimbo za kusaga nafaka za ujana wake, na nilipokosea kuitikia alinigomba. Kunigomba moja kwa moja, mimi mwenyewe, ilikuwa raha ambayo siwezi kuieleza.

Asubuhi moja nesi akafungua bandeji, na daktari akamvisha miwani mizito kama vitako vya chupa. Mama mkwe akafumba, akafumbua. Akatazama mikono yake kwanza, mbele na nyuma. Akatazama dirisha. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Akanitazama kwa muda ambao sikujua nifanye nini na uso wangu, nikajikuta nacheka.

"Kumbe una mwanya!" akapaza sauti, wodi nzima ikageuka. "Miaka minne! Mwanangu kaoa mwanamke mwenye mwanya na hakuna mtu hata mmoja katika boma lile aliyeniambia!"

Nesi alicheka mpaka akakaa kitandani. Mimi nilikwenda kupiga magoti kando yake, naye akaiweka mikono yake usoni kwangu, akanipapasa kama alivyowapapasa watoto: kipaji, pua, kidevu. Macho yalikuwa wazi, lakini nadhani vidole vyake navyo vilikuwa na deni lao.

Tulikaa wiki kadhaa zaidi mpaka daktari akaridhika. Treni ya kurudi iliondoka alfajiri, na kabla haijatoka stesheni alikuwa ameshika dirisha. Hakuliachia. Watu walipanda na kushuka, yeye alikuwa amebandika pua kwenye upepo, miwani imejaa masizi, ananiambia mimi kinachopita nje kana kwamba sasa mimi ndiye nisiyeona.

"Mkonge! Tazama ulivyopangwa. Nani alikuwa na subira ya kupanga hivi?" Baadaye: "Yule mtu ana baiskeli ya wanawake." Halafu: "Milima hii uliniambia ni mirefu. Hukusema kwamba inatisha."

Baada ya Mombo akaanza kukunja uso. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuka behewa zima akiwaomba watu radhi, akatazama upande wa pili, akarudi.

"Kanisa liko wapi?"

"Kanisa lipi, Mama?"

"Ulilosema liko juu ya kilima. Na mto mkubwa nimeungoja tangu asubuhi."

Nikakiri. Nilidhani atakasirika. Alinikazia lile jicho kubwa ndani ya kioo, mdomo ukaanza kumchezacheza, na mwisho akacheka, cheko la tumboni ambalo sikujua analo. "Muongo wewe! Nililiona kanisa lile vizuri kuliko hospitali!"

Upare tulipita mchana. Treni haikusimama pale porini, lakini kituo kilichofuata alinisukuma nishuke haraka nikampe mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza ndizi kanga mpya tuliyonunua Tanga, amfikishie yule bibi wa makande. Kanga ile alikuwa ameinunua kwa ajili yake mwenyewe. Na treni ilipoondoka, akasimama dirishani, akaiinamishia milima ile kichwa kidogo, kama mtu anavyosalimia wakwe.

Moshi tulilala ndani ya behewa, mlima umefunikwa na mawingu. Asubuhi aliniamsha kwa kunipiga begani. Akanyoosha kidole dirishani. Kilele cha Kibo kilikuwa nje chote, theluji mpaka mabegani, rangi ya waridi kwa jua la kwanza, na hakuna wingu hata moja. Abiria walikuwa wakikoroma. Akawaamsha. Wote. Mzee, askari, mama mwenye kichanga, akawagonga mmoja mmoja: "Amkeni! Mtalalaje na kitu kile kiko nje?" Na watu, badala ya kumtukana, wakaamka wakatazama. Nina hakika wengi wao walizaliwa chini ya mlima ule, na asubuhi ile waliutazama kana kwamba umeota usiku.

Tulifika Karatu siku ya soko. Kutoka Arusha alikuwa amenyoosha shingo njia nzima, na lori lilipomaliza ukuta wa Manyara na kule mbele ukatokea mlima wa Oldeani na msitu wa ukingo wa Ngorongoro ukiwa mweusi chini ya mawingu, aliegemea kioo cha mbele. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa tena.

Habari ilikuwa imetutangulia. Mume wangu alikuwepo, matope ya barabara bado kwenye buti. Shemeji mkubwa alikuwepo na wake zake, na nusu ya soko nyuma yao. Mume wangu akaharakisha kumpa mama yake mkono ashuke.

"Kaa pembeni," akamwambia. "Unanishika wa nini? Naona."

Akashuka mwenyewe. Akatembea katikati ya mafungu ya vitunguu na maharage bila kukanyaga hata moja, akamfikia mwanawe mkubwa, akasimama. "Wewe umezeeka sana," akasema. "Nani amekuwa akikupa kazi ngumu hivyo?" Soko lote likalipuka kwa vicheko na vigelegele, na shemeji, mtu mkubwa yule, akamkumbatia mama yake akalia mbele za watu. Kisha mama mkwe akaninyooshea mkono. "Mkamwana wangu yuko wapi? Njoo mbele. Wasimame huko nyuma wale ambao hawajafika Tanga."

Mwaka uliofuata alirudi kwa ajili ya jicho la kushoto. Nilikuwa na mimba kubwa, nikasema tungoje nijifungue. Akakataa. Alikuwa amekwisha kukusanya wanawake watatu wenye macho kama yake, mmoja wa kutoka Mbulu na wawili wa jirani, na alikuwa amewaambia siku. Aliwapeleka mwenyewe, yeye ambaye hajui kusoma jina la kituo hata kimoja, alihesabu milima. Wawili walirudi wanaona vizuri. Wa tatu jicho lake lilikuwa limekufa zamani, daktari hakuweza, lakini alirudi anasimulia treni kuliko wote.

Baada ya hapo dresa hakuhangaika tena kueleza watu njia. Akimwona mwenye mtoto wa jicho, alimwelekeza nyumbani kwetu, na mimi nilikuwa nikiwaona kutoka shambani, wakija polepole na fimbo zao, na mama mkwe akitoka kuwapokea, huku akinipazia sauti mimi niliye mbali niweke maji ya chai ya kutosha.